Ufahamu na sarufi ya Kiingereza: Namna ya kumsaidia mwanafunzi bila kumjibia

KAZI ya ziada ya Kiingereza ni miongoni mwa mambo yanayozua mashaka katika nyumba nyingi nchini Kenya jioni inapoingia. Mwanafunzi hurejea nyumbani na kifungu cha habari chenye maswali kumi, pamoja na sentensi kadha za kuandikwa upya kwa kufuata maagizo. Mzazi, kaka, dada au jirani huombwa msaada. Wapo wanaokataa kwa sababu Kiingereza chao ni haba. Wapo pia wanaokubali, kisha wakaishia kumtajia mtoto majibu moja baada ya jingine hadi daftari likajaa. Mtoto wa kwanza hulala bila jibu, wa pili hulala na majibu asiyoyaelewa. Siku ya mtihani, wote wawili huwa sawa.

Makala haya yanafafanua jinsi ufahamu na sarufi ya Kiingereza huulizwa katika shule za Kenya, chanzo cha makosa yanayojirudia, na mambo ambayo msaidizi anaweza kuyafanya hata ikiwa yeye mwenyewe hakibobei Kiingereza.

Nafasi ya Kiingereza katika masomo

Kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, Kiswahili ndicho lugha ya taifa, nacho Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Katika elimu, hata hivyo, Kiingereza kimekuwa na uzito wa pekee tangu Tume ya Ominde ilipopendekeza mwaka 1964 kwamba kitumiwe kufundishia. Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo lao. Hadi leo sera imebaki katika mkondo huo: lugha ya eneo katika miaka ya mwanzo, kisha Kiingereza kuanzia darasa la nne.

Maana yake ni kwamba mtoto wa takribani miaka tisa hulazimika kusoma hisabati, sayansi na masomo ya jamii kwa lugha ambayo huenda haisikii nyumbani kamwe. Upungufu wa ufahamu haubaki ndani ya somo la Kiingereza pekee. Chukua swali hili la hesabu: "Achieng has 15 mangoes. She has 6 fewer than Kamau. How many mangoes does Kamau have?" Mwanafunzi anayelikimbilia neno "fewer" hutoa 6 kutoka 15 na kupata 9. Jibu sahihi ni 21, kwani aliye na maembe machache ni Achieng. Mtoto huyo anajua kutoa na kujumlisha. Kilichomkwamisha ni sentensi.

Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985. Mtihani wake wa darasa la nane, KCPE, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kundi lililoufanya mwaka huo ndilo la mwisho kuelekea mtihani wa KCSE wa mfumo huo mwaka 2027. Katika mtaala mpya wa umilisi, tathmini ya gredi ya sita ilianza mwaka 2022, na ile ya gredi ya tisa mwaka 2025. Mitihani imebadilika majina na sura, lakini stadi zinazopimwa ni zile zile: kusoma kwa kuelewa, kueleza kwa maneno yako mwenyewe na kutumia lugha kwa usahihi.

Katika KCSE, Kiingereza kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya pili, yenye alama 80, ndiyo inayobeba mada ya makala haya. Kifungu cha ufahamu kina alama 20, dondoo ya kitabu teule alama 25, shairi au simulizi alama 20, na sarufi alama 15. Ikiwa mtahiniwa hawezi kusoma kwa makini, si alama 20 tu zinazopotea. Dondoo na shairi pia humshinda, maana navyo ni ufahamu uliovishwa vazi jingine.

Aina za maswali ya ufahamu

Ili aina za maswali zibainike, kifungu hiki kifupi kinaweza kutumiwa kama mfano:

"The rains had failed twice, and Mzee Baraka no longer looked at the sky in the morning. When his daughter asked whether they would plant, he took down the jembe, ran his thumb along its edge and hung it back on the wall. 'Go and count the goats,' he said."

Swali la kwanza huwa la jibu la wazi. "How many times had the rains failed?" Jibu limo katika maneno yenyewe: mara mbili. Hapa mwanafunzi hukosea kwa sababu moja tu, nayo ni kunakili sentensi nzima badala ya kutoa kinachotakiwa. Kunakili humfanya mtahini ashindwe kujua iwapo mwanafunzi ameelewa ama ameokoteza.

Swali la pili ni la kung'amua. "How do we know that Mzee Baraka has lost hope?" Wengi huandika kwamba mvua ilikosa mara mbili. Hilo ni kosa, kwa kuwa mvua kukosa ni chanzo cha kukata tamaa wala si ithibati yake. Ithibati ni mbili: mzee haangalii tena mbinguni asubuhi, na jembe amelirudisha ukutani. Msaidizi akimwonyesha mtoto tofauti kati ya "kwa nini" na "umejuaje", amemfungulia mlango wa maswali mengi ya aina hii.

Swali la tatu huvuka mipaka ya maandishi lakini halikati kamba yake. "What do you think the family will live on?" Kifungu hakisemi popote kwamba mbuzi watauzwa au kuchinjwa. Hata hivyo, mzee aliyeulizwa kuhusu kupanda akajibu kwa kuagiza mbuzi wahesabiwe ameonyesha anakofikiria. Jibu la namna hii sharti liandamane na ushahidi. Mwanafunzi anayejibu kwamba familia itapata chakula cha msaada kutoka kwa serikali anabuni, maana hakuna neno lolote katika kifungu linalomuunga mkono.

Swali la nne huhusu msamiati. "Explain the meaning of the word 'failed' as used in the passage." Mwanafunzi aliyezoea neno hilo katika ripoti ya shule huandika kwamba mvua ilianguka mtihani. Maneno matano ya mwisho wa swali ndiyo yanayobeba uzito: jinsi lilivyotumika katika kifungu. Njia nyepesi ya kumwongoza ni kumwambia alifunike neno lenyewe kwa kidole, asome sentensi nzima, kisha atafute neno jingine linaloweza kuingia pale bila maana kuharibika. Pia aangalie aina ya neno. Kitenzi kielezwe kwa kitenzi, na ikiwa kiko katika wakati uliopita, maelezo nayo yawe katika wakati uliopita.

Aina ya tano ni sifa za mhusika au hisia zake. Akiulizwa Mzee Baraka ni mtu wa namna gani, mwanafunzi atoe sifa kwa kivumishi, kisha aonyeshe tendo linaloithibitisha. Sifa bila tendo haijakamilika, na tendo bila sifa ni kusimulia hadithi upya.

Aina ya sita ni muhtasari au hoja fupi. Swali likitaka hoja kwa ufupi, sentensi kamili zenye madoido si jibu. Likitaja idadi ya maneno, mathalan yasiyozidi 40, idadi hiyo ni sheria. Mwanafunzi afundishwe kwanza kupigia mstari hoja zinazohusu swali, kuzihesabu, kisha kuziunganisha. Mifano, marudio na maneno ya mapambo yaachwe nje.

Hatua za kukisoma kifungu

Mazoea ya kuanza kujibu kabla ya kusoma ndiyo adui mkubwa wa ufahamu. Utaratibu ufuatao umewafaa walimu na wanafunzi kwa miaka mingi.

Kwanza, mwanafunzi asome kifungu chote mara moja bila kusimama kwenye maneno magumu. Akimaliza, afunge kitabu na kusema kwa sentensi moja au mbili kifungu kinahusu nini. Pili, asome maswali yote na kupigia mstari neno la kuulizia pamoja na idadi ya hoja zinazotakiwa. Swali lenye alama mbili kwa kawaida hutaka hoja mbili, au hoja moja na ushahidi wake. Tatu, asome kifungu tena, safari hii polepole, akiweka alama pembeni mwa mstari wenye jibu la kila swali. Nne, aandike jibu kwa maneno yake. Tano, asome alichoandika akijiuliza jambo moja: je, nimejibu swali lililoulizwa?

Hatua ya tatu ndiyo msaidizi anayopaswa kuisimamia kwa makini zaidi. Kila mtoto anapotoa jibu, aulizwe: "Umeliona wapi?" Jibu lisilo na mstari wa kuonyeshwa aghalabu ni la kubahatisha, hata likiwa sahihi.

Sarufi: pale lugha ya kwanza inapovuta

Makosa mengi ya sarufi si ya uzembe. Mtoto anayezungumza Kiswahili au lugha nyingine ya Kibantu huingia katika Kiingereza na kanuni zake za awali, na kanuni hizo ni timamu nyumbani kwazo. Msaidizi anayejua Kiswahili vizuri ana silaha hapa, kwa sababu anaweza kumwonyesha mtoto mahali njia zinapoachana.

Kiwakilishi cha nafsi ya tatu ni mfano wa karibu. Katika Kiswahili, "anakuja" hufaa kwa mwanamume na mwanamke. Kiingereza hutenganisha "he" na "she". Ndiyo maana mtoto huanza kumsimulia mamake kwa "she" na kumaliza kwa "he". Dawa yake ni kusoma upya alichoandika akitafuta viwakilishi pekee, na kwa kila kimoja ajiulize ni nani anayetajwa.

Kiambishi cha kiima nacho huleta lake. Mswahili husema "baba anakuja", ambapo "a-" humwakilisha baba aliyekwisha kutajwa. Mtoto anayehamisha muundo huo huandika "My father he is coming." Katika Kiingereza, nomino ikitajwa, kiwakilishi cha kuirudia hakihitajiki.

Vijineno "a", "an" na "the" havina ndugu wa moja kwa moja katika Kiswahili. "Nilinunua kitabu" yaweza kuwa kitabu chochote au kile kinachojulikana. Kanuni ya mwanzo ambayo mtoto anaweza kuikumbuka ni hii: kitu cha kuhesabika kikitajwa mara ya kwanza, kimoja, huchukua "a" au "an", kikitajwa tena, au kikiwa tayari kinajulikana na wanaozungumza, huchukua "the". Kuchagua kati ya "a" na "an" hutegemea sauti wala si herufi. Ndiyo sababu husemwa "an hour", kwa kuwa "h" haitamkwi, na "a university", kwa kuwa neno huanza kwa sauti ya "y".

Vihusishi huwatatiza hata wanafunzi wa shule za upili. Kiswahili kina kiambishi tamati "-ni" kinachobeba mahali pengi: mezani, nyumbani, sokoni, mtoni. Kiingereza hudai kihusishi tofauti kwa kila hali, kama vile "on the table", "at home", "in the market". Aidha, kauli ya kutendea humeza vihusishi ndani ya kitenzi: andikia, lilia, kimbilia. Mtoto akitafsiri "alinieleza shida yake" huandika "He explained me his problem" na kusahau "to". Vihusishi vya namna hii hukaririwa pamoja na vitenzi vyake, kama jina la mtu na la babake.

Nyakati zina mtego wake. Katika mazungumzo ya kila siku, wengi husema "nimemwona jana" bila kuonekana wamekosea. Kiingereza sanifu hakiruhusu hali timilifu kuandamana na wakati uliokwisha kutajwa na kufungwa. "I have seen him yesterday" ni kosa, sahihi ni "I saw him yesterday." Mtoto afundishwe kutafuta neno la wakati kwanza, mathalan "yesterday", "last week" au "in 2019", kabla ya kuamua umbo la kitenzi.

Sentensi za masharti ndizo zinazoonyesha mvuto huu waziwazi zaidi. Kiswahili huweka kiambishi kile kile pande zote mbili: "Ningalijua, ningalikuja." Mwanafunzi naye husawazisha Kiingereza chake: "If I would have known, I would have come." Kiingereza hukataa usawa huo. Upande wenye "if" husema "had known", na upande wa matokeo ndio pekee unaobeba "would have". Mtoto akielezwa kwamba kosa lake limetokana na uzuri wa Kiswahili, hulikumbuka haraka kuliko akigombezwa.

Jibu la swali la kukanusha nalo lina hila. Mtu akiulizwa "Hujala?" hujibu "Ndiyo, sijala", akikubaliana na kauli ya aliyeuliza. Katika Kiingereza, jibu hufuata ukweli wa tendo: ikiwa hajala, hujibu "No, I haven't." Tofauti hii huwachanganya watoto, hasa katika vifungu vyenye mazungumzo.

Viswali vya mwishoni mwa sentensi ni tatizo la jamaa moja na hilo. Kiswahili huridhika na "sivyo?" au "au siyo?" kwa kila hali, na ndipo "isn't it?" likageuzwa kuwa mkia wa kila sentensi. Kiingereza hudai mkia ulingane na kitenzi na kiima: "You have eaten, haven't you?" na "She cannot swim, can she?" Sentensi ikikubali, mkia hukana, sentensi ikikana, mkia hukubali.

Kuna pia nomino zisizohesabika. Maneno "homework", "furniture", "information" na "luggage" hayachukui "s" ya wingi. Mwanafunzi huandika "furnitures" kwa kuwa anaona viti vingi. Akumbushwe kwamba hata Kiswahili hakihesabu maji kwa moja, mbili, tatu, bali huhesabu glasi au ndoo za maji.

Sentensi za kuandikwa upya

Sehemu ya sarufi ya KCSE hupenda kumtaka mtahiniwa aandike sentensi upya kulingana na maagizo bila kubadilisha maana. Kuna miundo michache inayojirudia, na anayeizoea hupunguza hofu.

Mmoja ni kuanza na neno lenye maana ya kukana au kubana. "The bell had hardly rung when the pupils ran out" ikianzwa na "Hardly", hugeuka kuwa "Hardly had the bell rung when the pupils ran out." Kitenzi kisaidizi kimeruka mbele ya kiima. Sheria hiyo hiyo hutumika kwa "Never", "Not only" na "No sooner". Tofauti ni kwamba "Hardly" huandamana na "when", ilhali "No sooner" huandamana na "than". Alama nyingi hupotea kwa kuchanganya wenzi hawa wawili.

Muundo wa pili ni usemi halisi na usemi wa taarifa. Katika kifungu cha Mzee Baraka, "his daughter asked whether they would plant" ikirudishwa katika usemi halisi huwa: "Will we plant?" his daughter asked. Mambo manne hukaguliwa: alama za usemi, kiwakilishi, wakati wa kitenzi, na mpangilio wa swali. Swali likigeuzwa kuwa taarifa, alama ya kuuliza huondoka na kiima hurudi mbele ya kitenzi.

Wa tatu ni kauli ya kutendwa. Mswahili anaijua vyema kupitia kiambishi "-w-": piga, pigwa. Kiingereza hakina kiambishi kimoja bali hutumia kitenzi "be" katika wakati unaofaa pamoja na umbo la tatu la kitenzi kikuu. "Someone has stolen the bell" huwa "The bell has been stolen." Mwanafunzi akisahau wakati wa sentensi asilia, maana hubadilika.

Wa nne ni sentensi zenye maana mbili. "Wanjiku told her sister that she had won." Nani alishinda? Yaweza kuwa Wanjiku, yaweza kuwa dadake. Utata huu upo hata katika Kiswahili: "Wanjiku alimwambia dadake kwamba ameshinda." Mtoto akiuona kwanza katika lugha anayoimudu, hatatizwi na Kiingereza chake.

Wa tano ni vitenzi vya maneno mawili au matatu. "Put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima, "put up with" ni kuvumilia. Kila kimoja ni kitenzi kimoja katika Kiswahili, na hivyo ndivyo mwanafunzi anavyofaa kukihifadhi: kama neno moja lililoandikwa kwa vipande. Anayejaribu kukipata kwa kuongeza maana ya "put" na ya "off" hatafika.

Msaidizi asiyejua Kiingereza vizuri

Dhana kwamba mzazi asiyesoma Kiingereza hana mchango ni potofu, nayo imewanyima watoto wengi msaada uliokuwa karibu nao. Ufahamu ni stadi ya fikira kabla ya kuwa stadi ya lugha fulani. Mtoto aliyezoea kusikiliza hadithi ya nyanyake, kutabiri itakavyoishia na kueleza kwa nini sungura alimhadaa fisi, tayari anajua kung'amua yasiyosemwa.

Mzazi wa namna hii anaweza kufanya mambo matatu. La kwanza, amwombe mtoto asome kifungu kwa sauti, kisha amsimulie kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Masimulizi yakikatika ghafla, hapo ndipo mtoto hakuelewa, na mzazi atajua hata bila kulifahamu neno lenyewe. La pili, aulize maswali kwa lugha yake: Nani alifanya nini? Kwa nini? Umejuaje? Ungekuwa wewe ungefanyaje? La tatu, ahakikishe mtoto ana nusu saa ya utulivu, mwanga wa kutosha na mahali pa kuandikia, na kwamba kazi za nyumbani hazikumaliza nguvu zote kabla ya daftari kufunguliwa.

Kuzungumzia kifungu kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza hakumharibu mtoto. Shule nyingi za Kenya ziliwahi kumvisha kibao au kitu cha aibu mwanafunzi aliyenaswa akizungumza lugha ya mama, na marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliyaeleza mateso hayo katika kitabu chake cha insha cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Aibu hiyo ilizalisha wanafunzi waliokaa kimya darasani kwa kuogopa kukosea, na anayekaa kimya hasahihishwi.

Simu, intaneti na akili unde

Zamani mwanafunzi aliyekwama alingoja kesho yake amwulize mwalimu. Siku hizi simu ya mzazi inatosha. Tangu programu ya ChatGPT izinduliwe Novemba 2022, na nyingine za akili unde kuifuata, kifungu na maswali yake yanaweza kupigwa picha na majibu yakapatikana kwa sekunde chache.

Hatari yake haihitaji maelezo marefu. Jibu lililonakiliwa humpendeza mzazi, humdanganya mwalimu na kumwacha mwanafunzi mtupu. Programu hizi pia hukosea, na hukosea kwa lugha fasaha inayomfanya asiyejua aamini. Hata hivyo, kuzipiga marufuku nyumbani hakuondoi kuwepo kwake. La busara ni kuweka masharti. Mwanafunzi ajibu kwanza kwa kalamu yake. Baadaye anaweza kuomba maelezo ya kanuni iliyomtatiza, maana ya neno katika sentensi, au mazoezi mengine matano ya aina hiyo hiyo. Akiambiwa jibu lake si sahihi, ashike kifungu na kutafuta mstari unaothibitisha. Swali la "umeliona wapi?" linawahusu mtoto na mashine pia.

Kosa la msaidizi lisipuuzwe. Mzazi anayemwandikia mtoto insha au kumtajia majibu humnyang'anya mwalimu habari anayoihitaji. Daftari lenye makosa ya mtoto humwambia mwalimu nini cha kufundisha kesho. Daftari lenye majibu ya mzazi humwambia aendelee mbele, naye mtoto huachwa nyuma pasipo mtu kujua. Ikiwa swali limemshinda kabisa, ni heri aliache wazi na kuandika kando lililomtatiza.

Kusoma kwa ajili ya kusoma

Hakuna zoezi linaloweza kuchukua nafasi ya vitabu. Mtoto anayesoma hadithi moja kwa wiki hukutana na vihusishi, nyakati na misamiati mara nyingi mno kuliko anayejaza mapengo peke yake. Huduma ya Maktaba ya Kitaifa imejaribu kuwafikia hata wale walio mbali na miji; maktaba yake ya ngamia ilianzishwa Garissa mwaka 1996, ambapo vitabu vilibebwa migongoni mwa ngamia hadi kwenye jamii za wafugaji. Mahali pasipo na maktaba, gazeti la jana, kijitabu cha shule au karatasi ya maelezo ya dawa vyaweza kutumika. Maswali ni yale yale: kinahusu nini, kinasema nini waziwazi, na kinadokeza nini?

Jambo la mwisho la kuzingatia ni daftari la makosa. Kila kazi iliyosahihishwa ikirejeshwa, mwanafunzi anakili kosa lake, sahihisho la mwalimu na kanuni kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili akipenda. Baada ya muhula mmoja ataona kwamba makosa yake si mia moja bali ni kama matano yanayojirudia. Matano yanaweza kupatiwa dawa moja baada ya jingine. Haba na haba hujaza kibaba, na msaidizi mwema ni yule ambaye kila muhula ukipita, mtoto humhitaji kidogo zaidi.